Mfasiri Aliyemtetea Bikira Maria kwa Sarufi

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wa somo la Dini ya Kikristo huniletea, pengine kwa kuwa wanajua kuwa mimi ni mtu wa isimu na wala si kasisi, limo moja lisilochoka kurudi. Huuliza hivi: iwapo Injili ya Mathayo na ya Marko zinawataja ndugu zake Yesu, tena kwa majina yao, Kanisa Katoliki limepata wapi kauli ya kumwita mama yake Bikira daima? Mwanafunzi wa Kiprotestanti huliuliza akiwa na hakika kwamba jibu halipo. Mwanafunzi Mkatoliki hulisikia akainamisha kichwa. Naye mwalimu aliyesimama kati yao hujikuta akikimbilia maneno ya jumla ambayo hayamfai yeyote.

Swali hili ni kongwe. Liliulizwa mjini Roma yapata mwaka wa 383, likajibiwa na mtu mmoja mkali wa ulimi, mdhaifu wa afya na mpana wa elimu, ambaye jibu lake ndilo wanalolitegemea Wakatoliki wengi hadi leo, hata wale wasiolijua jina lake. Mtu huyo ni Yeronimo, aliyeitwa Hieronymus kwa Kilatini, na ambaye Waingereza humwita Jerome. Nimependa kuyasimulia maisha yake katika safu hii kwa sababu hoja zake nyingi hazikuwa za kitheolojia. Zilikuwa hoja za sarufi na za maana za maneno, yaani hoja za taaluma yangu, na kwa hiyo zinaweza kupimwa kwa mizani aliyo nayo mwalimu yeyote wa lugha.

Kabla ya kuanza safari, tuondoe mkanganyiko mmoja ambao nimeukuta hata katika insha za wanafunzi wa chuo kikuu. Kuzaliwa kwa Yesu na bikira ni fundisho moja, nalo linasema kwamba Maria alichukua mimba bila ya mwanamume. Jambo hili Wakristo karibu wote wanaliungama, na Waislamu pia wanalisadiki, kwani Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam. Ubikira wa daima ni fundisho la pili: kwamba Maria alibaki bikira kabla ya kumzaa Yesu, wakati wa kumzaa na baada ya kumzaa. Kukingiwa dhambi ya asili ni fundisho la tatu, nalo halimhusu Yesu bali linamhusu Maria mwenyewe tumboni mwa mama yake; Papa Pius wa Tisa alilitangaza rasmi tarehe 8 Desemba 1854. Anayechanganya la kwanza na la tatu hupoteza alama katika mtihani bila sababu. Yeronimo alipigania hasa lile la pili.

Alizaliwa katikati ya karne ya nne, wengi husema yapata mwaka wa 347, katika mji mdogo wa Stridon uliokuwa mpakani mwa majimbo ya Dalmatia na Pannonia. Wagothi waliuangamiza mji huo yeye angali hai, na mahali ulipokuwa hapajulikani kwa hakika mpaka leo. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye uwezo, wakampeleka Roma kusoma. Huko alifundishwa na Aelius Donatus, mwanasarufi ambaye vitabu vyake vilitumiwa katika shule za Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mimi hulitilia jambo hili uzito mkubwa. Kabla hajawa mtawa, kabla hajawa kasisi, kabla hajawa mtakatifu, Yeronimo alikuwa mwanafunzi wa sarufi. Alizoea kuuliza neno hili lina maana ngapi, kiunganishi hiki kinabeba nini na wala hakibebi nini, na mazoea hayo hayakumtoka.

Ujana wake haukuwa wa kitawa. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alianguka, na kwamba aliusifu ubikira kama mtu asifuye kitu asichokuwa nacho. Alibatizwa Roma, akasafiri hadi Trier, akakaa Aquileia pamoja na marafiki waliovutiwa na maisha ya sala, kisha yapata mwaka wa 373 akashika njia ya mashariki hadi Antiokia. Hapo aliugua sana. Katika homa hiyo aliota ndoto mashuhuri: alijiona amesimama mbele ya hakimu wa mbinguni, akaulizwa yeye ni nani, akajibu kuwa ni Mkristo, akakatalizwa na kuambiwa kwamba yeye ni mfuasi wa Cicero, yule mwandishi mpagani aliyempenda kupita kiasi. Akachapwa viboko. Aliapa kuviacha vitabu vya wapagani. Wasomaji wake wanajua kwamba hakuviacha kabisa, kwani manukato ya Cicero yananukia katika kila barua yake.

Kutoka Antiokia alikwenda kuishi katika jangwa la Chalcis, huko Siria. Ni hapo alipoanza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi mmoja aliyekuwa amegeuka Mkristo. Alisema alijitia katika lugha hiyo ili aitulize akili yake iliyokuwa ikisumbuliwa na tamaa, na alilalamika juu ya sauti zake za kooni zilizomkwaruza mtu aliyezoea ulaini wa Kilatini. Wanafunzi wangu wanaojifunza Kiarabu wangemwelewa. Watu wa Kanisa la Magharibi waliojua Kiebrania zama hizo walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hata Augustino mkuu hakukijua.

Mwaka wa 382 alirudi Roma, akiwa sasa kasisi, na Papa Damasus akamfanya katibu wake. Papa alikuwa na shida ambayo Yeronimo pekee ndiye aliyeweza kuitatua. Injili za Kilatini zilizokuwa zikisomwa makanisani zilikuwa nyingi, kila moja ikisema kivyake, kwa kuwa kila mnakili na kila mfasiri alikuwa ameongeza au kupunguza. Damasus alimtaka azisahihishe kwa kuzilinganisha na Kigiriki. Kazi hiyo ya Injili aliimaliza mwaka wa 384. Kwa wakati huo huo alikuwa akiwafundisha Maandiko wanawake matajiri wa kilima cha Aventino: Marcella, mwenye maswali yasiyokwisha, Paula, mjane wa ukoo mkubwa, na binti zake Paula, Eustochium na Blesilla. Baadhi yao walijifunza Kiebrania mpaka wakaimba zaburi kwa lugha hiyo.

Ndipo akatokea Helvidius. Mtu huyu, mlei wa Roma, aliandika kitabu akidai kwamba baada ya kumzaa Yesu, Maria aliishi na Yosefu kama mke na mume, wakapata watoto. Shabaha yake haikuwa kumdharau Maria. Alikuwa akijibu maandishi yaliyoutukuza ubikira kuliko ndoa, naye akaona kwamba iwapo Maria mwenyewe alikuwa bikira kwanza kisha mama wa watoto wengi, basi hali zote mbili zina heshima sawa. Hoja ya Helvidius ilikuwa ya utu, na ingefaa kujibiwa kwa upole. Yeronimo hakuwa na upole. Alimwita mtu asiye na elimu, akaicheka hata lugha yake, na matusi hayo yanaharibu kitabu ambacho kwa upande wa hoja ni cha mwanachuoni kweli kweli.

Helvidius alijenga nyumba yake juu ya nguzo za maneno. Neno la kwanza ni hata, au mpaka. Mathayo anaandika kwamba Yosefu hakumjua Maria mpaka alipomzaa mwanawe. Kwa hiyo, akasema Helvidius, baada ya hapo alimjua. Yeronimo alijibu kama mwanafunzi wa Donatus. Kiunganishi hiki, alieleza, huweka mpaka wa jambo linalosemwa, lakini hakilazimishi kwamba baada ya mpaka huo hali ilibadilika. Akaleta mifano: katika Isaya Mungu anasema kwamba yeye ndiye mpaka watu wake watakapozeeka; je, wakishazeeka ataacha kuwa Mungu? Yesu anawaahidi wanafunzi kuwa pamoja nao mpaka mwisho wa dunia. Je, baada ya hapo atawatupa? Sisi nasi tunasema vivyo hivyo. Mama akimwambia mwanawe, kaa salama mpaka nirudi, hamwombei mabaya akisharudi. Hapa, kwa maoni yangu, Yeronimo alishinda nusu. Alionyesha kwamba neno hilo halithibitishi alichotaka Helvidius. Hakuonyesha, wala hakuweza kuonyesha kwa neno hilo peke yake, kwamba kinyume chake ndicho kilichotokea.

Neno la pili ni mzaliwa wa kwanza. Luka anamwita Yesu hivyo, na Helvidius akauliza kwamba wa kwanza atakuwaje wa kwanza pasipo wa pili. Jibu la Yeronimo linanifurahisha kila nilisomapo, kwa sababu Kiswahili kinalitoa bure. Alisema kwamba katika sheria ya Musa mzaliwa wa kwanza hatambuliwi kwa wadogo zake, bali kwa kuwa ndiye anayelifungua tumbo la mama yake. Sadaka yake ilidaiwa mapema, kabla haijajulikana kama mama atazaa tena; laiti ingelazimu kumngojea wa pili, makuhani wangekaa mikono mitupu kwa miaka. Je, sisi hatumwiti mtoto huyo kifungua mimba? Jina hilo humpata siku anayozaliwa, hata mama yake asipozaa mwingine maishani. Na kuna jambo la ajabu zaidi. Neno letu bikira tumelitoa katika Kiarabu, na neno hilo la Kiarabu, bikr, lina maana ya mwanamwali na pia maana ya mtoto wa kwanza; mzizi huo huo ndio uliowapa Waebrania neno lao la mzaliwa wa kwanza. Ubikira na uzazi wa kwanza, mambo aliyoyatenganisha Helvidius, vimelala katika mzizi mmoja wa kale.

Neno la tatu ndilo zito kupita yote: ndugu. Yeronimo alisema kwamba katika Maandiko undugu ni wa aina nne: wa kuzaliwa, wa taifa, wa ukoo, na wa upendo. Loti alikuwa mtoto wa nduguye Ibrahimu, lakini Mwanzo kinamwita ndugu yake. Labani alikuwa mjomba wa Yakobo, naye anamwita Yakobo ndugu yake. Ndugu wa Yesu, kwa hiyo, walikuwa wa ukoo: watoto wa Maria mwingine, jamaa wa mama yake, yule ambaye Injili ya Yohana inamtaja msalabani kama mke wa Klopa, na ambaye Marko anamwita mama wa Yakobo na Yose. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kutoka jasho ili aielewe hoja hii. Sisi tunapotaka kusema kwamba watu wametoka tumbo moja, hutulazimu kuongeza neno: ndugu toka nitoke, au ndugu wa tumbo moja. Neno ndugu peke yake linaenea kwa mtoto wa baba mkubwa na wa baba mdogo, kwa mtu wa kabila, kwa muumini mwenzetu, na nchini Tanzania katika enzi ya Ujamaa lilienea kwa raia yeyote. Aina nne za Yeronimo zimo zote kinywani mwa Mswahili.

Hata hivyo haki ni haki. Waandishi wa Injili waliandika Kigiriki, na Kigiriki kilikuwa na neno lake mahsusi la binamu, neno linalotumika katika Waraka kwa Wakolosai kueleza undugu wa Marko na Barnaba. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Mathayo na Marko hawakulitumia. Hujibiwa kwamba nyuma ya Kigiriki chao kuna mazoea ya Kiaramu na Kiebrania, ambamo neno moja la ndugu lilitosha. Jibu hilo linawezekana; haliwezi kuitwa ushahidi wa kukata. Tena Wakristo wa Mashariki wengi walikuwa na jibu jingine, kwamba hao walikuwa watoto wa Yosefu kwa mke wa awali aliyekufa. Yeronimo alilikataa, akashikilia kwamba Yosefu naye alikuwa bikira. Isimu inafungua mlango na kuonyesha kwamba chumba kina nafasi. Aliyemo chumbani haionyeshi. Kwa hilo Mkatoliki anategemea mapokeo ya Kanisa, ambalo katika Mtaguso wa pili wa Konstantinopoli, mwaka wa 553, lilimtaja Maria kwa jina la bikira daima. Inafaa wanafunzi wa Kiprotestanti wajue pia kwamba Luther na Zwingli, walipoachana na Roma katika karne ya 16, hawakuachana na imani hii.

Mwaka ule wa 384 ulimletea Yeronimo msiba ambao siwezi kuupita kimya. Blesilla, binti yake Paula, aliolewa akafiwa na mume baada ya miezi saba tu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Aliugua homa, akapona, na kwa mahimizo ya Yeronimo akajitupa katika maisha ya kufunga na kukesha. Baada ya miezi michache alikufa. Katika mazishi Paula alizirai, na umati ukanung'unika kwamba kijana yule ameuawa na saumu, na kwamba watawa wafukuzwe mjini. Yeronimo alimwandikia Paula barua. Anasema alilia, na naamini alilia. Lakini katika barua hiyo hiyo anamkemea mama kwa kulia kupita kiasi. Wapo wanaomsifu kwa uthabiti. Mimi nikiisoma barua ile nahisi baridi. Mtu aliyeutetea ubikira wa Maria kwa ufundi mkubwa namna hiyo hakuona kwamba Maria naye alisimama karibu na maiti ya mwanawe, wala hakuna Injili inayosema kuwa alikemewa.

Desemba ya mwaka huo huo Damasus alifariki, na mlinzi wake akawa hayupo. Masengenyo juu ya urafiki wake na Paula yalizagaa. Agosti 385 Yeronimo aliondoka Roma asirudi tena. Paula na Eustochium walimfuata, wakaizuru nchi takatifu na Misri, na mwaka wa 386 wakakaa Bethlehemu. Kwa mali ya Paula zikajengwa nyumba za watawa, za wanaume na za wanawake, pamoja na makao ya mahujaji. Mwanamke huyo alitoa mpaka akafa na madeni, mwaka wa 404. Tunapotaja Biblia ya Yeronimo tukamsahau Paula tunamdhulumu aliyelipia wino na ngozi za kuandikia.

Hapo Bethlehemu, karibu na pango ambamo inaaminiwa Yesu alizaliwa, Yeronimo aliifanya kazi ya maisha yake. Aliamua kulifasiri Agano la Kale upya, moja kwa moja kutoka Kiebrania, badala ya kutoka tafsiri ya Kigiriki iitwayo Septuaginta ambayo Wakristo wengi waliiona kuwa imeletwa na Roho. Kazi hiyo ilichukua yapata miaka kumi na mitano, kutoka mwaka wa 390 hivi hadi 405. Alikuwa na mwalimu Myahudi, Baranina, aliyekuja kumfundisha usiku kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake. Huku Wakristo wakimlaumu Yeronimo kwa kukaa miguuni pa Myahudi. Hakujali. Alisema penye chanzo ndipo penye maji safi.

Lugha aliyoifasiri iliandikwa bila irabu, na hilo lilimpa mitego. Palipoandikwa kwamba uso wa Musa uling'aa, yeye aliuona mzizi wa neno pembe, ndiyo maana sanamu ya Musa iliyochongwa na Michelangelo mjini Roma ina pembe kichwani hadi leo. Na pale penye mmea uliomfunika Yona kivuli, aliandika mmea mwingine badala ya mung'unye waliouzoea watu. Augustino alimpa habari kwamba katika mji wa Oea, ambao sasa ni Tripoli ya Libya, askofu mmoja aliisoma tafsiri mpya kanisani, waumini wakafanya ghasia kwa sababu ya neno hilo moja, na askofu akanusurika kubaki bila watu. Mwalimu anayefikiri kwamba tafsiri ni kazi ya mezani isiyo na hatari na amkumbuke askofu huyo.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na neno la hatari kuliko yote. Isaya, sura ya 7, anatabiri kwamba mwanamke atachukua mimba na kuzaa mwana aitwaye Imanueli. Kiebrania kinamwita mwanamke huyo almah. Septuaginta ilikuwa imeandika neno la Kigiriki lenye maana ya bikira, na Mathayo akalitumia kueleza kuzaliwa kwa Yesu. Lakini Wayahudi walipinga, wakisema almah ni msichana aliyefikia umri wa kuolewa tu, na kwamba Kiebrania kina neno jingine la bikira, yaani bethulah. Wafasiri watatu wa baadaye, Aquila, Theodotion na Symmachus, waliandika msichana. Yeronimo alikuwa na vitabu vyao vyote. Yeye ndiye mtu wa Kanisa la Magharibi aliyeweza kuliona tatizo hili kwa macho yake mwenyewe.

Hakulificha. Alikiri wazi kwamba neno lenyewe si bethulah. Kisha akajenga hoja. Alisema almah linatokana na mzizi wenye maana ya kuficha, hivyo ni msichana anayetunzwa ndani, asiyeonwa na wanaume, yaani bikira na zaidi ya bikira. Akamleta Rebeka, ambaye Mwanzo kinamwita almah naye alikuwa bikira. Akaleta hata Kipunisi, lugha ya watu wa Karthago, iliyo jamaa ya Kiebrania, akisema kwamba huko nako neno hilo humaanisha bikira. Hiyo ni isimu linganishi, miaka elfu moja na mia nne kabla haijapewa jina!

Lakini wanaisimu wa leo hawamfuati kwenye mzizi ule. Neno la kiume la almah lipo katika Biblia, nalo humaanisha kijana, wala halina harufu ya kufichwa. Inaelekea mizizi ni miwili inayofanana sauti tu, kama vile sisi tulivyo na kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa kitako, bila yeyote kudai kwamba mnyama yule ameitwa hivyo kwa kuwa hakai kitako. Mzizi si hukumu ya mwisho juu ya maana. Matumizi ndiyo hakimu. Kwa matumizi, almah ni mwanamwali, kwa maana ile ya kwetu ya mwari aliyetoka kungwini: anatarajiwa kuwa bikira, lakini neno halikukusudiwa kumpima. Nadhani wafasiri wetu wa Kiswahili walikuwa na bahati kuliko Yeronimo, kwani neno mwali lingewawezesha kukaa katikati. Walichagua bikira, na naelewa kwa nini.

Ni nini basi kilicho hatarini? Mwaka wa 1952 ilipotolewa Biblia mpya ya Kiingereza nchini Marekani iliyoandika mwanamke kijana katika Isaya, mchungaji mmoja wa North Carolina aliuchoma moto ukurasa huo hadharani, akidhani kwamba kuzaliwa kwa Yesu na bikira kumekanwa. Lakini Biblia hiyo hiyo iliacha neno bikira mahali pake katika Mathayo na Luka. Na mwaka wa 2011 Biblia ya Wakatoliki wa Marekani, iliyoidhinishwa na maaskofu wao, nayo iliandika mwanamke kijana katika Isaya, na hakuna fundisho lililoanguka. Imani ya Kanisa kwamba Yesu alizaliwa na bikira imesimama juu ya masimulizi ya wainjilisti wawili na mapokeo. Haikuning'inizwa kwenye neno moja la Isaya. Kwa hiyo mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi ukweli wote kuhusu almah bila ya kumwibia imani yake, na bila ya kumpa mwenzake silaha ya bandia. Ninaowaonea huruma ni wale wanaofundishwa kuliogopa kamusi.

Siku za mwisho za Yeronimo zilikuwa chungu. Alikuwa amegombana na Rufinus, rafiki yake wa tangu ujana, kwa sababu ya mafundisho ya Origen, wala ugomvi haukuzikwa hata Rufinus alipozikwa. Kitabu chake cha mwaka wa 393 dhidi ya Jovinian kiliidharau ndoa kiasi kwamba rafiki zake wenyewe wa Roma walijaribu kuzikusanya nakala zisisambae. Mwaka wa 410 zilifika habari kwamba Roma imetekwa na Wagothi, na Marcella, yule mwenye maswali, akafa muda mfupi baadaye kwa madhila aliyoyapata. Wakimbizi walijaa Bethlehemu, na Yeronimo aliweka kalamu chini ili kuwahudumia. Mwaka wa 416 kundi la watu lilizivamia nyumba za watawa na kuzitia moto. Eustochium naye alimtangulia kaburini. Macho yalikuwa yamefifia, naye alitegemea wengine wamsomee.

Alifariki Bethlehemu, tarehe 30 Septemba, na mwaka unaokubaliwa na wengi ni 420. Tarehe hiyo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka wa 2017 kuwa siku ya kimataifa ya tafsiri. Biblia yake ya Kilatini, iliyokuja kuitwa Vulgata, ilitamkwa na Mtaguso wa Trent mwaka wa 1546 kuwa maandiko halali ya Kanisa. Iliposahihishwa upya na kutolewa mwaka wa 1979, wataalamu walirekebisha mengi, lakini katika Isaya waliliacha neno lake la bikira kama alivyoliandika. Alizikwa karibu na Paula na Eustochium, na mapokeo yanasema kwamba baadaye mabaki yake yalihamishiwa Roma, mji uliomfukuza, katika kanisa kuu lenye jina la Maria.